Kompyuta Iliyoamkiwa Shikamoo

Programu ya Esha Mwinyi ilikuwa na adabu kuliko watu wengi wa Ukunda. Ukiiwasha, kioo cheusi kilikuandikia kwa herufi nyeupe: *Karibu. Mimi ni dada yako Esha.* Halafu kikanyamaza, kikakungoja. Ukiandika Hujambo, haikufunguka. Ukiandika Sasa, ndiyo kabisa. Mpaka uandike Shikamoo, ndipo ikujibu Marahaba, ikuulize habari za nyumbani, na baada ya hapo ikuingize kwenye hesabu. Vijana waliipenda mno. Esha mwenyewe aliipenda kuwashinda wote, na alikuwa na haki, kwa kuwa aliiandika mstari kwa mstari kwa mikono yake miwili.

Hakuwa mtu wa chuo kikuu. Alikuwa mwanamke wa Msambweni, miaka thelathini na kitu, mfupi, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kununa. Alifanya kazi katika hoteli moja ya Diani, ofisi ya kupokea maombi ya vyumba, na huko ndiko alikojifunza kompyuta, si kwa kufundishwa bali kwa kuchoka. Programu ya kugawa vyumba ilikuwa na tabia ya kuharibika kila wageni walipojaa, na fundi wake alikuwa Mombasa, ng'ambo ya feri. Esha akaanza kuichungulia mwenyewe. Mwisho akawa anaiandika upya, meneja akipita nyuma ya kiti chake kwa kunyata, akiogopa hata kumsemesha.

Ukaja mwaka wa tisini na saba. Vurugu zikalipuka Likoni, watu wakachomewa nyumba, wageni wakakatiza safari zao, na hoteli ikafunga milango. Milcah, rafiki yake wa ofisi ya hesabu, mtu wa bara, alijificha chumbani kwa Esha mpaka mambo yakatulia, na tangu hapo wawili wale wakawa ndugu wa kugombana bila kuachana. Meneja alipokuwa akiondoka alimwachia Esha kompyuta mbili kuukuu, maana zingebaki pale zingeliwa na chumvi ya bahari. Esha akazipeleka Ukunda, akapata chumba nyuma ya duka la dawa, akawa anachapa barua za watu na kufundisha wasichana kuchapa. Angeendelea hivyo mpaka leo kama si Abdulrahim.

Abdulrahim alikuwa nduguye mdogo, kitinda mimba, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kuitwa chuo kikuu, tena kusomea uhandisi, huko bara kwenye baridi. Alisindikizwa na watu chungu nzima. Baada ya mwaka mmoja akarudi peke yake, asubuhi, na begi lake lile lile, akaketi barazani bila kusema neno. Alikuwa ameanguka karatasi zote nne za hesabu na sayansi.

Ilimchukua Esha miezi kumtoa maneno mdomoni, na alipoyatoa hayakuwa mengi. Ukumbini walikuwa wanafunzi mia tatu. Mwalimu alizungumza upesi na Kiingereza chake kilikuwa cha puani. Wiki ya pili tu Abdulrahim alikuwa ameshapotea njia, na mwaka mzima hakumwuliza mtu: si mwalimu, si jirani yake wa kitini, si mwenzake wa chumbani. Aliona haya. Basi. Kijana wa watu, mwenye akili ya kutosha, akazama katikati ya watu mia tatu kwa sababu ya haya.

Chuo kikampa nafasi ya mwisho. Angerudi kuzifanya tena zile karatasi mwezi wa Septemba, mwaka wa tisini na tisa. Akipita tatu kati ya nne, ataendelea na mwaka wa pili. Chini ya hapo, jina lake linafutwa na hakuna wa kumlilia.

Hapo ndipo Esha alipopata wazo lake. Aliwaza hivi: mtu anaona haya mbele ya mtu, lakini nani aone haya mbele ya sanduku? Kompyuta haina uso, haicheki, haimwendei jirani kusimulia. Akaazima vitabu vya mwaka wa kwanza, akavisoma kwa taabu yake, akavunja kila somo vipande vidogo vidogo, na mwisho wa kila kipande akaweka njia mbili. Ukibonyeza E, unaendelea. Ukibonyeza S, maana yake Sijaelewa, na kompyuta ingekueleza tena kwa njia nyingine. Akaitia na maswali ya kupima. Kisha, ili isiwe kitu kikavu cha kizungu, akaitia ile salamu.

Abdulrahim aliianza mwezi wa Februari. Vijana wengine watano waliokuwa wakingoja kwenda vyuo vikuu wakajiunga, akiwemo Kanze, binti mpole kutoka upande wa Kinango aliyeitwa kusomea ualimu. Ikafika Agosti. Abdulrahim alikuwa akijibu maswali yote ya programu, sawasawa, pasi na kukosa, na Esha alishaanza kulala usingizi wa watu wenye bahati. Zilibaki wiki tatu.

Milcah ndiye aliyeuvunja usingizi huo. Alipita pale mchana mmoja kutoka kibaruani kwake, akamkuta Esha akimsifia Kanze programu ile, na kwa kuwa Milcah hakupenda kusikia kitu kikisifiwa asipokijaribu, akavuta kiti.

"Hii kitu ndiyo inakufanya usitembelee watu siku hizi?"

"Amkia kwanza," Esha alimwambia. "Haifunguki bila kuamkiwa."

"Nikuamkie shikamoo wewe? Tuko rika moja."

Aliandika hata hivyo, huku akiguna. Somo likafunguka, lile la tangi la maji lenye umbo la faneli, mdomo mpana juu na ncha chini. Maji yanaingia kwa kasi moja, nayo programu inaeleza jinsi ya kupata kasi ya maji kupanda ndani ya tangi. Milcah alisoma kipande cha kwanza, akakunja uso, na pale pale, bila hata kugeuka kumtazama mwenye programu, akabonyeza S.

Kioo kikaandika: *Usijali, tuanze tena.* Kisha kikaandika hivyo hivyo chini yake, na chini yake tena, *Usijali, tuanze tena, Usijali, tuanze tena*, maneno yakapanda mbio mpaka kioo kizima kikajaa na hayakukoma. Milcah alibonyeza kila kitu. Mwisho akanyanyua mikono.

"Esha, hii mashine yako imepandwa na mashetani."

Kanze alicheka kidogo akajiziba mdomo. Esha hakucheka. Alizima kompyuta, akaiwasha, akatazama mistari ya programu, na kosa akaliona mara moja. Lilikuwa kosa la kipuuzi. Mwezi wa Februari umeme ulikatika akiwa kazini, kipande kile kikapotea, naye akakiandika upya kwa haraka na kukielekeza kijizunguke chenyewe. Kulisahihisha lilikuwa jambo la dakika chache.

Lakini aliondoa mikono kwenye kibodi. Tangu Februari kosa lilikuwa pale. Mtu yeyote ambaye angebonyeza S mara moja tu angeona maneno yale yakipanda mbio, na angepiga kelele, na Esha angejua. Hakuna aliyepiga kelele. Vijana sita, masomo arubaini, nusu mwaka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema hajaelewa. Alimgeukia Kanze.

"Mwanangu, wewe hujapata kuibonyeza hii?"

Kanze alitazama sakafu. "Mimi nilielewa, dada."

"Yote?"

"Yote, dada."

Milcah akamtazama Esha, Esha akamtazama Milcah.

Jioni ile Esha alimkuta Abdulrahim uani Msambweni akijaza mtungi bombani. Alikuwa amejiapiza njiani kwamba ataanza taratibu, lakini taratibu haikuwa tabia yake. Hakumwachia hata nafasi ya kumaliza.

"Niambie kitu. Maji yakiingia kwenye chombo kwa kasi moja, yanavyozidi kujaa, yanapanda upesi zaidi au polepole zaidi?"

"Polepole zaidi," alijibu hapo hapo. "Kasi ya kupanda hupungua kadiri kimo kinavyoongezeka." Hayo yalikuwa maneno ya programu, neno kwa neno, na nukta yake.

"Na kwenye huo mtungi ulioushika?"

Abdulrahim alitazama chini. Maji yalikuwa yamejaza tumbo la mtungi, yakaingia shingoni, yakapanda ghafla na kumrukia mikononi. Mtoto yeyote wa pwani anajua mtungi hurusha maji ukifika shingoni. Yeye mwenyewe alikuwa akiteka maji tangu hajaanza shule. Alifunga bomba. Alisimama akidondoka maji, na Esha aliona uso wake ukijifunga kama ulivyokuwa umefungwa ile asubuhi aliyorudi na begi.

"Umekariri," Esha alisema. "Masomo arubaini, umeyakariri yote."

"Nilijibu maswali yote sawa."

"Sikukuuliza kama ulijibu sawa. Kwa nini hukubonyeza S? Nilikuwekea ya nini? Haina macho ile, Abdulrahim. Haina mdomo. Ulikuwa ukimwonea haya nani?"

Esha akaendelea, na yale aliyoyasema baadaye aliyajutia, kwamba amempotezea nusu mwaka, kwamba heri angemwambia mapema, kwamba alikuwa akimdanganya mchana kweupe huku anakula chakula chake. Hilo la chakula lilimchoma kijana. Aliuweka mtungi chini.

"Wewe, dada," alisema. "Nilikuwa nikikuonea haya wewe. Umeandika pale juu: Mimi ni dada yako Esha. Nimekuamkia, umeniitikia marahaba, umeniuliza hali. Umejinyima kila kitu kwa ajili yangu. Halafu nibonyeze kitu kinachosema maneno yako hayakuniingia? Mara ngapi? Kila ukurasa? Mtu anamwambiaje mkubwa wake hivyo?"

"Ni mashine."

"Ni wewe," alisema Abdulrahim. "Ilizungumza kama wewe. Hata kununa inanuna kama wewe, mtu akikosea."

Kisha akamwambia jambo alilokuwa ameshalifanya. Kuna hoteli kisiwani Chale iliyokuwa ikitafuta watu wa kutunza jenereta. Alikuwa ameshazungumza nao tangu wiki iliyopita, wamemkubali, kazi inaanza Jumatatu. Hatakwenda bara. Hatakwenda kuanguka mara ya pili watu wakimtazama. Aliyasema hayo kwa heshima kamili, sauti ya chini, macho chini, na ndiyo maana Esha alijua hatanii.

Ilikuwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi Abdulrahim alikwenda Shimoni kwa rafiki yake, akasema atarudi Jumapili kuchukua nguo.

Mtu mwingine angekwenda kumbembeleza, au angewaita wazee wamkalishe kitako. Esha alijua watamkalisha, naye atawaitikia naam kila neno, na Jumatatu ataondoka. Alikwenda Ukunda akajifungia nyuma ya duka la dawa. Alikuwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira ile alikuwa amejikasirikia yeye mwenyewe. Alikuwa amejenga nyumba ya kuwaficha vijana na haya, halafu akajiweka yeye mlangoni, kifua mbele, akingoja aamkiwe. Alifuta salamu. Alifuta jina lake. Akakaa akikitazama kioo kitupu, na hapo akaona kwamba kufuta hakutoshi. Hata bila jina, sanduku lingekuwa bado linajua, na kijana bado hajui, na anayejua ni mkubwa wa asiyejua popote pale duniani.

Milcah alimletea chapati mchana. Alisimama nyuma ya kiti akitafuna.

"Kwenu nyinyi mtu akiwa hajaelewa anafanya nini?" aliuliza. "Kwetu anasema tu. Anaonekana mjinga, anasahau, maisha yanaendelea."

"Kwetu anangoja," alisema Esha. "Anangoja mdogo wake aulize. Mdogo akiuliza, mkubwa anajifanya anamweleza, na hapo ndipo naye anapoelewa."

Alilisema hilo bila kufikiri, kama mtu anavyotaja saa. Kisha Esha aliacha kutafuna. Milcah alimwona akivuta kibodi, akajua ameshafukuzwa, akaenda zake.

Kazi ile ilimla Ijumaa yote na Jumamosi yote. Umeme ulikatika mara mbili, na mara ya pili alipoteza somo zima akalia machozi kabisa, kisha akalianza upya. Diski moja ilikataa kusomeka. Kila gari lililofunga breki barabarani alidhani ni Abdulrahim amerudi mapema. Programu mpya haikumfundisha mtu chochote. Ndani yake alikaa mwanafunzi, mgeni, mjinga wa kupindukia, aliyekuwa akifanya hesabu hatua kwa hatua na kukosea kila mara. Ungemwonyesha hatua aliyokosea na kumwandikia ile iliyo sahihi. Usipomsahihisha, alikwenda na kosa lake mpaka mwisho akapata jibu la aibu, akakushukuru. Na alipenda kuuliza kwa nini.

Jumapili alasiri Abdulrahim alipita pale Ukunda akiwa na mfuko begani, kuaga. Alikuwa ameshachukua nguo. Alisema, "Dada, mimi naenda zangu," na akabaki amesimama mlangoni, maana ingawa walikuwa wamekosana asingeondoka bila ruhusa.

Esha alikuwa amejifanyia mazoezi ya maneno mengi mazuri. Yote yakampotea.

"Nenda," alisema. "Lakini kabla hujaenda nisaidie kitu kidogo. Hii si yako, ni ya Kanze na wenzake. Nimeibadilisha, sijui kama inakwenda. Nijaribie somo moja tu."

Kama angemwambia aketi kwa faida yake mwenyewe asingeketi. Kwa kuwa aliombwa msaada, na mkubwa wake, hakuwa na njia. Aliuweka mfuko chini, akaketi ukingoni mwa kiti, upande mmoja, namna ya mtu asiyekusudia kukaa.

Kioo kikaandika: *Shikamoo, kaka. Mimi ni mgeni hapa. Naomba unisaidie hesabu, lakini usiniseme kwa watu.*

Abdulrahim alikitazama muda. Akaandika: *Marahaba.*

Esha alikwenda dirishani akajifanya anakunja pazia. Nyuma yake alisikia vidole vikibonyeza, vikasimama, vikabonyeza. Lilikuwa lile lile tangi la faneli. Mjinga alikuwa ameandika kwamba maji hupanda kwa kasi moja mwanzo mpaka mwisho. Abdulrahim akamsahihisha. Mjinga akauliza kwa nini. Esha akashika pazia mpaka likakunjamana. Kisha kiti kikaburuzwa, kikakaribia meza.

"Huyu ni mjinga kweli," Abdulrahim alisema, si kwa Esha hasa.

"Ndivyo alivyo."

"Anadhani chombo chote ni mrija."

Alibonyeza kwa muda. Wateja walikuja kuchapiwa barua, Esha akawafukuza kwa ishara ya mkono. Abdulrahim akafika somo la tatu, la nne. Mara nyingine aliguna, mara nyingine alifuta alichoandika akaandika tena, na mara moja alitukana kwa sauti ya chini tusi ambalo Esha hakujua kama analijua. Kisha vidole vikasimama kabisa. Vikakaa hivyo kiasi kwamba Esha alianza kuomba dua moyoni, maana aliujua ule ukimya. Ndio uliomla mwaka mzima huko bara.

"Dada," Abdulrahim alisema. "Huyu mtu wako ananiuliza kitu. Amegawanya kwa muda, halafu akasema muda ule ni sifuri. Nimemwambia haigawanyiki kwa sifuri. Sasa ananiuliza: kama si sifuri, ni ngapi? Na mimi..." Alisimama. Esha hakugeuka, kwa kuogopa kwamba akigeuka tu kijana atayameza maneno yake. "Na mimi sijui. Sikuwahi kujua. Hapo ndipo nilipopotea, wiki ya pili."

Esha alikuja akainama mezani. Swali lile alikuwa amelinakili mwenyewe kutoka kitabuni, na jibu lake vilevile, lenye maneno mazito ya kutosha. Alifungua mdomo tayari kulitoa. Abdulrahim alikuwa amemwinulia uso, akingoja aelezwe na dada yake aliyejua kila kitu, na Esha akaona kwamba akilisema lile jibu, kijana ataitikia ndiyo, amelielewa, naye ataitikia vizuri, na yote yatarudi pale pale. Kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa akilielewa. Alikuwa amelikariri.

Ilimwuma kulisema. Hakuwa amepata kumwambia nduguye huyu neno hilo tangu alipokuwa akimbeba mgongoni.

"Hata mimi sijui," alisema. "Nimenakili tu."

Abdulrahim alimtazama kana kwamba amevua nguo. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemeza paji la uso kwenye kibodi na yule mjinga akajaziwa kioo chake herufi zisizo na maana. Esha alinuna kwanza, kisha akashindwa. Alivuta kiti cha pili. Walifungua kitabu kati yao, wakalishambulia lile swali kwa Kiingereza chao kibovu, wakabishana, wakachora, wakakosea, na waliposikia adhana ya magharibi walikuwa wamepata kitu ambacho hakikuwa jibu zima lakini kilisimama kwa miguu yake. Mfuko wa nguo ulikuwa bado mlangoni. Jumatatu hakuna aliyekwenda Chale.

Nisiseme kwamba wiki zile mbili zilikuwa tamu. Walikuwa wamechelewa, na kila somo walilofungua lilionyesha shimo lingine. Kuna siku Abdulrahim alisema hawezi, na kuna siku Esha ndiye aliyesema, faraghani, kwa Milcah. Kanze na wenzake walikuja nao kumfundisha yule mjinga na kumbe kila mmoja alikuwa na wiki yake ya pili. Hatimaye siku ikafika, Abdulrahim akapanda basi, na Esha akabaki akingoja matokeo.

Simu ilikuja mwezi wa Oktoba, katika duka la Mzee Baya pale Msambweni, lililokuwa na simu pekee ya mtaa ule iliyokuwa ikifanya kazi. Esha aliitwa mbio. Alifika bila viatu. Mzee Baya alimpa mkono wa simu akasogea pembeni, lakini si mbali sana, maana naye alikuwa mtu.

"Dada, shikamoo," sauti ilisema kutoka mbali, ikikatikakatika.

"Marahaba. Sema."

"Moja nimeanguka."

Esha alishika meza ya duka. Sauti ilipotea, ikarudi, naye hakuthubutu kuuliza zile nyingine.

"Tatu nimepita," Abdulrahim alisema. "Lakini hiyo moja imenikera. Nilikwenda kwa profesa, nikagonga mlango wake, nikamwambia anionyeshe nilipokosea. Akasema nirudi kesho. Nikarudi kesho. Akanionyesha, sikuelewa, nikamwambia anionyeshe tena. Dada, unanisikia? Chai yake ilipoa. Alinikasirikia kidogo."

"Nakusikia."

"Basi nitumie lile koti la marehemu baba. Huku kuna baridi, na mimi sirudi mpaka Krismasi."

Sarafu zake zikaisha, simu ikakatika. Esha aliurudisha mkono wa simu mahali pake kwa uangalifu mkubwa, kisha akaweka kichwa juu ya mikono, pale juu ya meza, katikati ya sabuni na mikate, akalia kwa sauti. Mzee Baya alivua kofia yake. Alikuwa amesikia nusu tu ya mazungumzo, na nusu aliyoisikia haikuwa na maneno mengi.

"Pole sana, mwanangu," alisema. "Ni nani?"

"Ni Abdulrahim," Esha alisema, akishindwa kuinua kichwa. "Amegombana na profesa."